Ipo kwa Mzee Inakuja

Jumanne saa tatu asubuhi, mwenye duka la vifaa alikuwa akimpimia fundi bomba nusu kilo ya misumari ya inchi tatu, mwalimu wa hesabu alipotokea kati ya ndoo za rangi na mabomba ya plastiki. Hakupita mlangoni. Alikuwa na chaki mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Aliitazama simu, akaitazama rafu, kisha akasalimia.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata bawaba za shaba, zile ndogo."

"Marahaba. Karibu, mwalimu," alisema mwenye duka, akaendelea kumimina misumari mpaka mizani ikatulia, maana wateja huhudumiwa kwa zamu. Fundi bomba alimsogezea mwalimu kigoda. Alijua kwamba mwalimu angekihitaji.

Huyo alikuwa mteja wa tisa kuletwa namna hiyo. Mwezi mmoja nyuma, karani wa kampuni ya mtandaoni alipita mtaani na kishikwambi chake, akiwaahidi wenye maduka kwamba bidhaa zao zingeorodheshwa kwenye simu za watu wote, wa karibu na wa mbali, na wateja wangeletwa hadi dukani. Wenye maduka walidhani ni maneno ya kibiashara tu. Kumbe karani wa watu hakuwa na hata chembe ya uongo. Mtu alikuwa akiona kitu kwenye orodha, anabonyeza palipoandikwa "Nipeleke dukani", naye anapelekwa, na alichokishika mkononi. Mtaani walisema ni mambo ya teknolojia, wakaendelea na shughuli zao.

Waliofuata vitu vilivyokuwepo hawakuwa na shida. Walinunua, wakatoka kwa mlango, wakajikuta wamerudi kwao, wakilalamikia bei. Shida ilikuwa kwa wale wengine.

Mwenye duka aliitwa Mzee Inakuja, na jina hilo alilitolea jasho. Baba yake, aliyemwachia duka, alimfunza kwamba rafu ina masikio, na muuzaji akisema "hakuna" leo kwa kitu kimoja, kesho rafu itaitikia kwa vyote. Basi miaka thelathini na miwili mzee hakulitamka neno hilo. Msumeno umeisha? Unakuja. Bawaba za shaba, ambazo kiwanda chake kilifungwa miaka kumi na mmoja iliyopita? Zinakuja. Watu wa mtaani walijua maana yake. Walikuwa wakicheka, wanamwambia "haya, zikija utuite", kisha wanavuka barabara kununua kwingine. Hapakuwa na aliyedanganywa wala aliyeumia.

Lakini karani hakuwa mtu wa mtaa huo. Aliusoma ubao wa bidhaa uliotundikwa ukutani tangu enzi za baba mtu, mstari kwa mstari, akiuliza.

"Bawaba za shaba?"

"Zinakuja."

"Kitasa kidogo cha kabati?"

"Kinakuja, kijana wangu. Wakati wowote."

Kishikwambi cha karani kilikuwa na visanduku viwili tu, Ipo na Haipo. Karani alikuwa mtu mwenye adabu, hakutaka kumbishia mtu wa makamo ya baba yake. Akaweka alama kwenye Ipo.

Mwalimu alipoambiwa kwamba bawaba zinakuja, alishukuru, akaaga, akatoka mlangoni. Mara akaingia tena kwa mlango wa stoo, nyuma ya mifuko ya saruji. Alijaribu mara tatu. Mwanamume aliyekaa juu ya debe la rangi alimwambia asijichoshe. Yeye alikuwa kinyozi, alifuata mkasi wa bati siku nane zilizopita, na kule kwake alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja.

"Mpaka leo ananipigia simu," alisema kinyozi. "Nimemwambia avae kofia."

Mzee alikuwa ameshajaribu kuazima vitu vinavyofanana kutoka maduka mengine. Mlango haukukubali. Ulitaka kile kile kilichoandikwa, kutoka rafu ile ile. Ilipofika Alhamisi, waliokwama walikuwa sita. Mke wa mzee aliwaletea chai na mkate asubuhi, wali na maharage jioni, na magodoro kutoka kwa jirani muuza magodoro, ambaye kila akichungulia alikuwa akipiga mluzi.

"Duka linafurika, jirani! Wenzako tunapigana na nzi humu."

Kesho yake naye akamwita karani.

Alhamisi hiyo saa kumi alasiri, mzee alikuwa akikunja waya alipomsikia mtu akisema "Baba." Binti yake wa pekee alikuwa amesimama kwenye kona ya vitasa, miguu mitupu, simu mkononi. Walikuwa hawajaonana miaka mitatu, tangu alipomfuata mumewe aliyepata kazi nchi ya mbali, safari ya siku nne kwa gari na mipaka miwili. Mzee aliuangusha waya. Alimkumbatia, akacheka, akalia, akamwita mkewe kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza magodoro. Kwa robo saa nzima hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda. Alisahau kabisa kumuuliza alichofuata.

Mama mtu ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameyaona maziwa yaliyolowanisha kifua cha bintiye.

"Mtoto uko naye?"

"Yupo na baba yake. Ameanza kutambaa, Mama. Anafungua kabati la dawa kila nikigeuka. Nikawa natafuta kitasa kidogo kwenye simu, nikaona picha ya duka letu. Nikasema, badala ya kumuungisha mtu baki, si nimuungishe baba yangu?" Alimgeukia mzee akitabasamu. "Kipo, Baba? Saa kumi na mbili natakiwa nimnyonyeshe mtoto."

Na ulimi, ambao kwa miaka thelathini na miwili haukuwahi kungoja ruhusa, ukasema, "Kinakuja."

Binti alikulia katika duka hilo. Hesabu alijifunzia kwenye nati na bolti, na kusoma alijifunzia kwenye ubao ule wa ukutani. Hakuhitaji kufafanuliwa. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, akaufunika uso wake kwa viganja.

Mzee aliipigia simu kampuni. Sauti ya kike, tulivu, yenye heshima zote, ilimpongeza kwanza, kwa kuwa duka lake lilikuwa linaongoza mtaani kwa wateja.

"Nataka mfute kitasa," alisema mzee. "Hicho kitasa hakimo."

"Tunaelewa, mzee wetu. Ila bidhaa haifutwi ikiwa ina mteja anayeingoja."

"Anaingoja kwa sababu hamjaifuta!"

"Tunaelewa, mzee wetu. Akishahudumiwa, tutaifuta mara moja. Kuna jingine la kukusaidia?"

Mzee akaweka simu chini. Alikwenda mpaka kwenye kona ya vitasa, akasimama mbele ya rafu, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Hakuna," alisema. Kisha akasema tena kwa nguvu, kwa kitasa, kwa bawaba, kwa mkasi wa bati, kwa kila kilichokosekana: hakuna, hakuna, hakuna. Misumari ilibaki ndani ya makopo. Saruji haikumwagika. Binti alisimama, akatoka kwa mlango wa mbele, na mama yake akampokea kwenye mlango wa stoo. Mwalimu aliitazama orodha kwenye simu yake, akatikisa kichwa.

Mtoto alikataa chupa. Alikataa kijiko pia, na uji akautema. Usiku kucha mkwe alikuwa akipiga simu, na kilio kilisikika duka zima. Binti aliyakamua maziwa kwenye kikombe, akayamwaga. Ijumaa saa sita mchana kilio kilikuwa kimefifia, na jambo hilo liliwatisha kuliko kilio chenyewe.

"Baba," mkwe alimwambia mzee kwenye simu. "Nimlete?"

"Ukimleta hatoki."

"Atatoka akifuata kitu kilichopo. Mnacho nini? Niambieni kitu ambacho mnacho kweli."

Mzee alikwenda kwenye kopo, akaingiza mkono, akahakikisha. "Misumari," alisema. "Ya inchi tatu. Ipo kilo tano. Nimeishika."

"Hakikisha ni kidole chake," alisema binti, "siyo chako. Ukiletwa wewe, yeye atabaki peke yake."

Walimsikia mkwe akimpakata mtoto, akimbembeleza. "Hapa, mama. Bonyeza hapa. Hapa pa misumari. Siyo hapo, hapo panateleza. Haya, tena."

Mtoto alitokea juu ya kaunta, ndani ya sinia la mizani, mshale ukaenda mpaka kilo saba na robo. Midomo ilikuwa imempasuka. Binti alimnyakua, akageukia ukuta, akamnyonyesha, na kwa muda mrefu sauti pekee dukani ilikuwa ya mtoto akimeza. Kinyozi alilia waziwazi. Mke wa mzee alitandika shuka juu ya magodoro mawili.

Mzee alikuwa ameshafunga misumari nusu kilo kwenye gazeti. Alimwekea mjukuu wake kifurushi kwenye mkunjo wa kiwiko, akamwambia bintiye ambebe, ajaribu naye mlango. Binti alitoka amembeba mtoto begani, taratibu. Aliingia kwa mlango wa stoo, mtoto bado yuko begani, akicheua.

Binti alichukua simu. "Amebonyeza nini?"

"Misumari ni myeusi," alisema mkwe. "Hakuitazama hata kidogo. Kile kitasa kwenye picha kinang'aa."

Watu wakasogea kumpisha mama na mtoto. Jirani muuza magodoro alipita, akapiga mluzi. Simu ya mwalimu ikalia, akaifungua na kusoma, kwa sauti yake ya darasani, kama alivyozoea kusoma kila kitu: "Hongera. Wateja wanane dukani kwa Mzee Inakuja hivi sasa. Kitasa kidogo cha kabati, kimebaki kimoja."

"Punguza sauti, mwalimu," alisema mzee. "Mtoto amelala."