Pembe ya Chumba cha Shami

Mlango wa jikoni ulikuwa umeanza kugoma kufunga, ndipo Annah akamwita Audace, seremala Mrundi aliyekuwa akiishi mtaa jirani wa Kagugu, aje aupige randa. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Lakini fundi alipoimaliza hakuondoka. Aliizunguka nyumba taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayetaka kuinunua, akasimama kwenye pembe ya nyuma, pale magogo ya kuta mbili yanapopishana na vichwa vyake kutokeza nje. Akagonga gogo la chini kwa mpini wa nyundo. Akainama, akanusa.

Annah alimwona kupitia dirishani, na machale yakamcheza.

Nyumba hiyo ilikuwa fahari ya mumewe. Bayingana aliijenga miaka saba iliyopita, mtaa wao wa Kinyinya ukiwa bado na mashamba, kwa magogo ya msonobari aliyoyachagua kwa mkono wake. Mtaa mzima ulijenga kwa matofali, yeye peke yake kwa magogo. Hadi leo wapita njia husimama kuipiga picha.

"Mama Shami," Audace alisema Annah alipotoka nje, "huku iko shida. Hii mti imeanza kuoza ndani."

"Mbona naona inang'aa?"

"Nje iko sawa. Ndani hapana. Sikia." Aligonga gogo la juu, likatoa mlio mkavu. Akagonga la chini, likaitika kama gunia la unga.

Annah alisikia. Lakini mama yake, kule Karagwe alikolelewa, alizoea kusema kwamba fundi anayemaliza kazi mapema hujitafutia nyingine. Akamshukuru, akamsindikiza hadi getini.

Jioni alimweleza mumewe. Bayingana akaweka kikombe mezani.

"Asirudi tena hapa."

"Angalau ungetazama."

"Nitazame nini? Hizo ndizo zao. Anatoboa mwenyewe, halafu anakuonyesha tundu."

Asubuhi Annah alikwenda nyuma ya nyumba akakuta matundu matatu kwenye gogo la chini, mabichi, mapana kama kidole. Alimpigia Audace simu papo hapo.

"Umenitobolea ukuta?"

"Nilichoma patasi, Mama. Ndiyo njia ya kujua. Patasi ikigoma, mti ni mzima. Hii iliingia kama kwenye parachichi."

"Bila kuniomba ruhusa."

"Hapo nilikosea. Nisamehe."

Kukiri huko kulizidi kumtia shaka. Mwongo mwerevu, aliwaza, hukubali dogo ili afiche kubwa. Akamkataza kukanyaga kwake. Wiki nzima, kwenye meza yake ya vitenge soko la Kimironko, alisimulia habari za seremala anayetia vidonda ili auze dawa. Trinah, jirani yake wa meza, alimuuliza jina la fundi huyo ili watu wajihadhari. Annah akalitaja.

Jumapili Bayingana hakwenda kanisani, akisema kichwa kinamuuma. Annah aliporudi alimkuta amechuchumaa kwenye pembe ile ya nyuma, brashi mkononi, kopo la rangi ya kahawia pembeni. Matundu hayakuwepo tena.

"Napendezesha tu," alisema bila kugeuka.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na magogo yalikuwa bado yamelowa. Ni Bayingana huyuhuyu aliyemfundisha kwamba mti uliolowa haupakwi rangi.

"Na unyevu huu wote?"

"Rangi za siku hizi hazina neno."

Annah aliingia ndani kubadili nguo, lakini alijikuta amesimama katika chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba cha Shami, binti yao wa miaka minane, hadi mwaka jana Bayingana alipomhamishia kitanda chumba cha mbele, eti apate mwanga. Alikihamisha mchana mmoja wa mvua, bila kuombwa, yeye ambaye hata kiti hakisogezi mpaka aambiwe mara tatu. Kisha akasukuma kabati kubwa, akalisimamisha kwenye pembe kabisa. Annah alilitazama kabati lile kwa muda mrefu.

Jumatatu, mumewe alipokwenda kazini, alilisogeza. Harufu ya uyoga na gunia bovu ikampiga puani. Akatoka nje na kisu cha jikoni, akaparua rangi. Chini yake hakukuwa na mti. Kulikuwa na unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, kiraka juu ya kiraka, vingine vibichi, vingine vimekauka kama jiwe, kila kimoja na kahawia yake. Haikuwa kazi ya juzi. Ilikuwa kazi ya miaka. Alipokipenyeza kisu nyuma ya viraka kilizama hadi mpini, kikatoka na vipande laini vya mti vyenye majimaji.

Annah aliketi chini, kwenye udongo wa maua. Kisha akampigia Audace.

"Nilikusema vibaya sokoni," alisema. "Kwa jina lako."

"Nimesikia. Kuna mama alikuwa amenipa kazi ya kabati, akanikatalia."

"Nitakwenda kwake mwenyewe."

"Huo upande asilale mtu," Audace alisema. "Nakuja."

Alipofika, fundi alimwonyesha Annah kila kitu. Mfereji wa paa ulivuja palepale kwenye kiungo, ukamwaga maji kwenye pembe. Upenu ulikuwa mfupi, vichwa vya magogo vikanyeshewa. Udongo wa maua ulikuwa umelundikwa hadi kugusa gogo la chini. "Na hii rangi," alisema, "inafungia maji ndani. Mti mkavu hauozi, Mama." Magogo mawili yalikuwa yamekwisha, la tatu lilioza kichwa tu. Mengine yangepona.

Bayingana alirudi akakuta jeki imeshikilia ukuta.

"Ulijua," Annah alisema.

Bayingana aliigusa jeki. "Tangu mwaka wa tatu. Niliambiwa niyakaushe magogo kwanza, nikafanya haraka. Na watu wote wanaisifu. Ningewaambia nini?"

"Mimi si watu, Baba Shami. Mtoto ulimhamisha. Mimi uliniacha nimtukane fundi wa watu."

Bayingana alivua koti, akachukua jembe, akaanza kuondoa udongo ukutani.

Kazi ilichukua wiki tatu. Waliingiza magogo makavu, wakarefusha upenu kwa mkono mzima, wakamwaga kokoto palipokuwa na maua, wakayapaka magogo yaliyosalia dawa ya kuvu. Annah alimpeleka Audace kwa Trinah, kisha kwa yule mama wa kabati, akalisema kosa lake mbele yao. Mama huyo aliwapokea vizuri, lakini alikuwa ameshampa kazi fundi mwingine. Audace alisema si neno, kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni neno.

Sasa, kila mvua kubwa ikikatika, Bayingana huizunguka nyumba na mkewe, akipapasa gogo moja baada ya jingine.

"Hili zima," husema.

Annah huitikia kwa kichwa. Kisha humngoja aingie ndani, akamtumia Audace ujumbe aje atazame.