Saa ya Babu Melini

Daftari la babu lilikuwa mezani, limebandikwa kikaratasi chekundu: "Limebuniwa. Liondolewe."

Mjukuu alikisoma mara tatu. Miezi minne alikuwa akinakili kwenye kompyuta vipimo vya hewa vya mabaharia wa zamani, na daftari la babu yake, mpimaji hewa wa meli ya mizigo, alilibakiza mwisho kama mtoto anavyobakiza mnofu. Tena bibi alikuwa njiani kuja kuliona.

"Kwenye bahari za joto," alieleza mkuu wa kazi hiyo, aliyeitwa Bwana Nukta kwa kupenda desimali, "mgandamizo wa hewa hufika kileleni saa nne asubuhi. Kila siku. Ukurasa huu wa babu yako unasema saa kumi na mbili! Alilala huyu, akaamka akajaza za kichwani."

"Babu alale kazini?"

"Nani kalala?" Bibi alikuwa mlangoni na mkongojo wake.

Ikabidi mjukuu aseme. "Bibi, wanasema saa alizoandika babu ni za uongo."

Bibi akaketi, akapapasa mwandiko ule, akacheka mpaka akakohoa. "Babu yako kichwa ngumu! Wenzake wakifika mbali walisogeza mishale ya saa. Yeye ng'o! Saa yake ilibaki ya nyumbani. Aliniambia, 'Nikiigusa, nitajuaje wewe unafanya nini?'"

Mjukuu alirukia safu ya mahali meli ilipokuwa. "Siku hii walikuwa mashariki, saa nne mbele yetu. Kumi na mbili ya babu..."

"Ni saa nne ya huko!" Bwana Nukta akadakia. Akafunua ukurasa mwingine: meli saa mbili mbele, kilele saa mbili. Barabara! Akabandua kikaratasi, akakifinyanga. "Mama, shikamoo. Hata kukuamkia nilisahau."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, lakini umefika."

Mjukuu alifurahi hadi machozi yakamtoka. Bibi naye hakuwa na habari nao. Kidole chake kilikuwa kikishuka ukurasani.

"Saa kumi na mbili, nawasha moto wa chai. Saa nne, nafua. Saa kumi, namwogesha mama yako." Kikasimama kwenye kipimo cha saa nane usiku. Akamtazama Bwana Nukta.

"Umeona? Aliyelala ni mimi."