Mama wa Kwenye Skripti

Belinda alirudi Kinampanda mwezi wa nne akiwa na likizo ya wiki tatu, begi moja la nguo na skripti ya kurasa kumi na nane. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha filamu Dar es Salaam, na mwalimu wake alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba atakayerudi bila waigizaji na mahali pa kupigia picha asijisumbue kuomba kamera. Filamu yake ilihusu msichana wa miaka kumi na sita ambaye mama yake anamkuta na lipstiki. Mama hamchapi wala hamfokei. Anaichukua na kuitumia kuandika jina kwenye magunia ya alizeti yanayosubiri kwenda kukamuliwa. Msichana anatoroka kwa miguu kwenda kwa shangazi yake Kiomboi, anakaa siku mbili, mama hamtafuti, na msichana anajiona amekuwa mtu mzima.

Mama yake mwenyewe, Dorkas, aliambiwa tu kwamba ni filamu ya vijana. Belinda aliona hilo linatosha.

Kumpata msichana hakukuwa kazi. Dorika, wa kidato cha tatu, alikuwa na sura nzuri ya kupiga picha, ila machozi hayakumtoka. Akiambiwa alie, alicheka. Akiambiwa afikirie jambo la kuhuzunisha, alifikiria mtihani wa fizikia, akacheka zaidi. Shida kubwa ilikuwa mama. Usaili ulifanyika Jumatano katika ukumbi wa kanisa, mbele ya mzee Chediel, balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kuhakikisha hakuna jambo la aibu na akakaa kiti cha mbele tangu asubuhi. Wanawake wanne walijitokeza wamevaa vitenge vya sikukuu. Wote walitaka kuigiza, ila hakuna aliyekubali kuwa mkali. Filamu itaonekana mpaka Arusha, walisema, na huko wana wakwe. Mama Peniel alijitahidi kuliko wenzake: alimnyang'anya Dorika lipstiki, akaitazama, akamrudishia, kisha akamwuliza kama amekula.

"Mama, hapo unatakiwa uipeleke kwenye gunia," Belinda alimwambia.

"Niiharibu? Mbona bado mpya."

Kufika saa saba mchana habari zilikuwa zimefika nyumbani, maana hapakuwa na mtu Kinampanda aliyesahau jinsi Dorkas alivyoandika magunia yake kwa lipstiki nyekundu ya Belinda miaka minne iliyopita. Dorkas aliingia ukumbini na nguo zake za shamba, akamwamkia mzee Chediel, akakaa kwenye benchi nyuma ya mwanamke wa nne kama msailiwa mwingine yeyote. Belinda akaifunika skripti kwa daftari lake. Zamu ya mama yake ilipofika, alinyoosha mkono, akapewa skripti, akaisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, ukumbi mzima ukimsubiri.

"Mama, ni hadithi tu," Belinda alisema.

"Hadithi yenye magunia yangu," Dorkas alisema. "Na jiko langu. Umeandika hapa lina masizi mpaka mlangoni."

Belinda aliyafuta masizi hapo hapo kwa kalamu. Dorkas akasema sasa yuko tayari. Alimnyang'anya Dorika lipstiki bila kupandisha sauti, akaandika D kubwa kwenye gunia lililotandazwa sakafuni, akarudi nyuma kidogo kuitazama, kisha akaisogelea tena kuinenepesha. Akamwambia Dorika kwa upole kwamba rangi ni nzuri, inaonekana kwa mbali. Dorika, ambaye fizikia ilishindwa kumliza, akaangua kilio cha kweli, na mama Peniel akainuka kwenda kumbembeleza.

Belinda alikuwa ameshaandika jina la mama yake kwenye daftari pale Dorkas aliporudi ukurasa wa kumi na mbili.

"Hapa pamekosewa. Umeandika mama amebaki nyumbani anapepeta mtama."

"Si ulibaki?"

Dorkas alimtazama mzee Chediel, naye mzee akakohoa. Ndipo akaeleza. Siku ile Belinda alipotoka na mfuko wake wa plastiki, yeye alitoka nyuma yake. Alimfuata kwa mbali mpaka Kiomboi, akipita ndani ya mashamba ya alizeti, na kila Belinda alipogeuka yeye alichuchumaa. Alipoteza ndala moja. Alipomwona ameingia kwa shangazi, alirudi nyumbani, na kesho yake akapiga simu kuuliza kama mtoto anakula. Shangazi akasema anakula sahani mbili.

"Kwenye shamba langu alichuchumaa mara mbili," mzee Chediel alisema. "Nikadhani mama wa watu tumbo linamsumbua, nikageukia upande wa pili. Miaka minne sijamwambia mtu."

"Nilikuacha udhani hivyo, mzee wangu," Dorkas alisema.

Miaka yote hiyo Belinda alikuwa amewasimulia watu, hata kwenye barua ya kuomba chuo, jinsi alivyokwenda Kiomboi peke yake. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Aliuliza tu kwa nini hakumwita. Mama yake akasema alitaka kuona kama atafika.

Kwa siku mbili Belinda aliandika upya kuanzia ukurasa wa kumi na mbili. Jumamosi asubuhi walikwenda barabarani kufanya mazoezi: Dorika mbele na mfuko, Dorkas ndani ya alizeti, Belinda na simu yake akitafuta pa kuweka kamera. Alijaribu mara tatu. Mama hakuonekana hata kidogo. Akamwomba ainue kichwa, angalau kilemba kionekane.

"Nikiinua utaniona," Dorkas alijibu kutoka mahali fulani.

"Ndivyo inavyotakiwa, mama. Watazamaji wakuone."

"Watazamaji sawa. Na huyu mtoto je?"

Belinda akaeleza kwamba Dorika anajua yupo. Mama akasema kama anajua, basi hatatembea kama mtu anayejiona yuko peke yake. Walibishana hivyo mpaka jua likapanda, Dorika akiwa ameketi kando ya barabara anakula karanga. Mwishowe Belinda aliielekeza simu kwenye alizeti zenyewe, akamwambia mama yake atembee tu. Maua yakatikisika katika mstari mmoja mrefu kando ya barabara. Dorika alipogeuka, yakatulia.

Belinda akaandika kwenye daftari kwamba kamera iwekwe pale, juu ya kichuguu. Halafu akamwita mama yake atoke, na ilibidi amwite mara mbili.