Mafuta ya Cheni ya Bwana Suud

Leodegar alinizidi ufundi. Nalisema mapema ili watu wasidhani sikulijua.

Alishuka kutoka misheni moja ya bara mwaka ule Mwingereza alipoanza kupima viwanja vya Kariakoo upya, akafungua kibanda Mtaa wa Mkunguni, mkabala na changu kabisa. Mimi, Mbaruku, mzaliwa wa mji huu, nilikuwa nimetengeneza baiskeli na pikipiki pale kwa miaka tisa. Hakuniomba hata radhi. Alisema tu, "Shikamoo, kaka," akapanga spana zake juu ya gunia.

Pikipiki zilikuwa za kuhesabu, na iliyonipa jina ilikuwa ya Bwana Suud, Mwarabu mwenye duka la vitambaa. Kila Jumatatu na Alhamisi alikwenda nayo Pugu, kwenye duka lake la pili. Mimi niliimwagia cheni yake oili mpaka ikang'aa na kudondosha. Iling'aa kweli, lakini oili ilimrukia kwenye kanzu, na cheni ikalegea. Nikaikaza, ikalegea tena. Mwezi wa nne ikakatika, na Bwana Suud akaisukuma pikipiki kutoka Buguruni mpaka mjini, jua la saa saba. Alipita mbele yangu akaiegesha kwa Leodegar.

Yule mtu wa misheni akamfungia cheni mpya, kisha akaishika ile ya zamani na kuanza kumsomesha mbele ya watu.

"Bwana, cheni hailiki huku nje unakokuona. Inalika ndani, hizi pini zinapozunguka kwenye matundu yake. Kila pini ikisagika kidogo tu, cheni nzima inarefuka."

"Na oili ya Mbaruku je?"

"Imebaki juu, Bwana. Inanasa mchanga wa barabarani, na mchanga ukishachanganyika na oili ni msasa. Inabidi mafuta yaingie ndani, nje pabaki pakavu."

Watu wakacheka. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto, na tangu saa ile nilimchukia.

Kila wiki ya tatu Leodegar aliifungua ile cheni mpya, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaianika. Kisha akaitumbukiza ndani ya kopo la mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa juu ya makaa. Aliiacha mpaka mapovu yakome, ishara kwamba mafuta yameingia ndani ya pini, akaliepua kopo, na hakuitoa cheni mpaka mafuta yaanze kuganda. Mwisho aliipangusa nje. Ukiigusa, kidole kilitoka safi. Nusu mwaka ikapita na cheni haikulegea. Wateja wangu wakavuka barabara mmoja mmoja.

Mafuta yale aliyanunua sokoni, kwa mchinjaji Mwislamu. Nalijua hilo kwa sababu nilisimama nyuma yake, nikingoja maini.

Ijumaa moja baada ya sala nilimkuta Bwana Suud kwenye baraza ya kahawa.

"Bwana Suud, mafuta anayoyachemsha yule ni ya mnyama gani?"

"Ya ng'ombe, nadhani."

"Unadhani! Wallahi nimemwona kwa macho yangu akiyanunua Uhindini, kwa Mgoa anayeuza nguruwe."

Bwana Suud aliinamisha macho akatazama pindo la kanzu aliyotoka kusalia. Hakumaliza kahawa yake.

Habari ikaenea, na kabla ya magharibi watu wakajaa mbele ya kibanda chake. Leodegar aliwaendea mbio na kopo lake mkononi, akichovya kidole na kulamba, akilia, "Ni ya ng'ombe, jamani! Onjeni!" Mtu akasema mla nguruwe asilambe kwa nini. Wakayamwaga mafuta mchangani, wakakivunja kibanda. Akahamia Buguruni, huko kwenye minazi, kuziba pancha za baiskeli. Nilifurahi, na usiku ule nililala usingizi mzito.

Bwana Suud akarudi kwangu. "Cheni ya yule najisi ilidumu," alisema. "Sasa nifungie mpya, na yako idumu. Ikiniacha njiani tena, Mbaruku, jitafutie mji mwingine."

Ningefanya nini? Nilikwenda kwa mchinjaji yule yule. Alasiri, mke wangu Kuruthumu alipokwenda arusini, niliinjika kopo uani na kuitumbukiza cheni. Akarudi kabla sijamaliza.

"Nini hicho?"

"Mafuta ya ng'ombe."

"Na yeye alisema hivyo hivyo!" Alirudi nyuma huku ameziba pua kwa kanga. "Uliapa, Baba Sitara. Sasa unachemsha nguruwe kwenye ua ninamopikia wanangu?"

Alipiga kelele. Majirani wakajaa mlangoni, na Bwana Suud mwenyewe akaja. Neno moja tu lingetosha: nilisema uongo. Leodegar angerudi Mkunguni siku ile ile. Neno hilo lilinifika mpaka kwenye ulimi. Nikawatazama wale watu, nikalimeza.

"Ni ya Leodegar," nikasema. "Alinipa akaniambia ni ya ng'ombe. Amenitega."

Hawakungoja. Tulikwenda Buguruni kwa miguu, mimi katikati yao, kopo mkononi kuwa ushahidi. Tulimkuta amechuchumaa anaziba mpira. Hakuuliza tumefuata nini. Aliitazama cheni ndani ya kopo, kisha akanitazama mimi.

"Umeepua mapema, kaka," alisema. "Mapovu yalikuwa hayajakoma."

Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe na kuuponda kwa nyundo yake mwenyewe. Nilishika kopo mpaka walipomaliza.

Ikabaki cheni. Bwana Suud alisema haipandi pikipiki yake mpaka itoharishwe, na najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Tuliporudi mjini wakaniletea ndoo ya maji na karai la mchanga wa Kariakoo, ule mwembamba unaoingia kila mahali. Niliisugua mbele yao wote. Kila pini nilisikia ikisaga chini ya vidole vyangu, na mafuta yaliyobaki ndani yaliushika ule mchanga vizuri sana. Kuruthumu alihesabu kwa sauti mpaka saba, akatabasamu.

Nikaifunga. Nikaimwagia oili juu ing'ae.

Haikumaliza mwezi. Alhamisi moja, saa nane mchana, nilimwona Bwana Suud akitokea Msimbazi anaisukuma, kanzu imemganda mgongoni. Aliitupa cheni miguuni pangu. Nilidhani atanipiga, lakini alikuwa amechoka mno.

"Sema kweli, Mbaruku," aliniambia. "Mji huu mzima, nani mwingine anajua kazi ya cheni?"

"Hakuna, Bwana," nikamjibu.