Hasira za Walioshinda

Jokha Mbarouk anafundisha historia katika shule ya wasichana mtaani Olaya, Riyadh. Siku moja alikuwa akieleza namna Italia ilivyoangukia mikononi mwa mafashisti baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndipo Amal, mwanafunzi wake, akanyoosha mkono.

"Abla," alisema, kama walimu wa kike wanavyoitwa huko, "si Italia ilishinda? Mbona walikasirika kama walioshindwa?"

Jokha akajibu kama alivyozoea. Askari zaidi ya laki tano walikufa. Waliorudi wengi hawakukuta kazi, na bei zilikuwa hazishikiki. Nchi zilizopigana upande wao ziliiahidi Italia ardhi, zikaipa pungufu, ikavuma kwamba damu imemwagika bure. Wafanyakazi wakagoma, wakulima wakaingia mashamba ya matajiri. Hapo yakazuka magenge ya mafashisti wenye mashati meusi, na humo walikuwamo askari wale wale waliotoka vitani.

"Mtu ameonja vita," Amal alisema, "halafu anarudi nyumbani kupiga jirani zake?"

Kengele ikalia. Jokha akafuta ubao, akatoka na swali lile.

Ijumaa alikuwa Jeddah kwa wazazi wake, mtaa wa Al-Nuzha. Baba yake, Mzee Mbarouk, aliletwa huku kutoka Unguja mwaka wa 1964, baada ya mapinduzi, akiwa mtoto mdogo. Baada ya chakula Jokha alimsimulia swali lile, akitaraji watashangaa pamoja.

"Mimi sioni ajabu," mzee alisema. "Wenye mashamba waliogopa. Mwenye hofu haulizi shati lina rangi gani."

"Baba, walikuwa wakichoma ofisi za wakulima. Wakiua watu!"

"Najua, mwanangu. Lakini siku ile sisi tumejificha uvunguni kwa jirani, angekuja mtu na kirungu akasema, 'Nitakulindeni,' marehemu babu yako angemkumbatia. Na mimi ningempigia makofi."

Jokha alimtazama. Huyu ndiye baba asiyewahi kumpiga mtoto, anayewawekea maji paka wa jirani. Miaka yote alikuwa akiwafundisha wanafunzi kwamba waliowafungulia mafashisti mlango walikuwa watu wabaya, au wajinga.

"Na angetoka lini?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mwenye kirungu. Wakubwa wa Italia walidhani watamtumia mkuu wa mashati meusi, kisha halas, wamwondoe. Mfalme mwenyewe akamkabidhi serikali. Akakaa zaidi ya miaka ishirini."

Mzee Mbarouk alikizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Waliowapinga mashati meusi walinyweshwa kwa nguvu mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha," Jokha akaendelea. "Chupa nzima, mbele za watu, mpaka wajichafue. Hata walimu."

"Walimu?"

"Ndiyo, baba."

"Wamekosa nini walimu?"

"Walisema hapana."

Mzee alikitua kikombe. "Mbarika," alisema taratibu. "Mama alikuwa akitunywesha kijiko kimoja tu, tukilia." Akamtazama bintiye kana kwamba ndiyo kwanza amejua anafanya kazi gani. "Basi mimi sijui. Ile hofu ilikuwa ya kweli, Jokha. Usinambie haikuwa ya kweli."

"Sikusema hivyo."

"Sasa mtu afanye nini?"

Jokha alianza kukusanya vyombo, akaacha. Alitaka kumkasirikia, hakuweza. Alitaka kumwelewa, akaogopa kumwelewa zaidi ya hapo. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, mzee akainuka kwa shida kwenda kutawadha, na Jokha akabaki kwenye mkeka, vyombo havijaondolewa.