Kikopo Changu cha Tatu

Mwanangu kitindamimba anaumwa utumbo, ule ugonjwa ambao mwili unajishambulia wenyewe ndani kwa ndani. Kila baada ya miezi mitatu hupeleka choo maabara, kwenye kikopo chenye kijiko kidogo kifunikoni, utadhani cha kulambia asali. Humo wanatafuta protini yenye jina refu kama treni. Daktari alitueleza vizuri: utumbo ukianza kuchubuka, protini hiyo hupanda kabla mtu hajasikia maumivu wala kuona damu. Chini ya hamsini, lala usingizi. Ikivuka mia mbili na hamsini, kuna kinachoungua.

Na ikipanda, unaingizwa kamera kwa mlango wa nyuma. Mwanangu aliingizwa mara moja, akatoka akisema, "Mama, heri nife kuliko kurudia." Nikacheka. Nilidhani ni maneno tu.

Mwaka jana akaniletea kikopo kitupu.

"Mama, daktari anataka na chako. Wanalinganisha cha mgonjwa na cha mzazi mzima."

"Changu? Miaka sabini na moja nakitupa, leo ndiyo kimepata soko?"

"Mama nawe! Fanya haraka, maabara wanafunga saa sita."

Nikafanya, tena kwa majivuno. Shule niliishia darasa la nne. Hakuna daktari aliyewahi kuniomba kitu. Baada ya miezi mitatu nikatoa cha pili. Majibu yake yeye yakawa yanakuja mazuri: thelathini na mbili, kisha ishirini na nane. Nikamwambia mumewe, fundi baiskeli, kwamba dawa zimekubali. Kukonda alikuwa anakonda, nikalaumu cherehani anayoshonea kutwa.

Siku chache baada ya kikopo changu cha tatu tulikuwa jikoni kwake. Simu ikaita, mikono yake ina povu la sabuni, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Safari hii ni mia nne na kumi," sauti ya daktari ikasema. "Turudie kipimo. Kikitoka hivyo tena, tunaingiza kamera."

Nililia pale pale nimeshika sahani. Yeye akanifuta machozi kwa aproni.

"Usilie, mama. Mimi sina kitu."

Alisema kwa uhakika mpaka nikaistaajabia imani yake.

Kwa kipimo cha kurudia hakuniomba kitu. "Wamemaliza na wewe, mama." Majibu yakatoka thelathini. Nikapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Ila nilibaki na kinyongo kidogo. Nimefukuzwa kazi bila hata kuonyeshwa alama zangu! Miezi miwili baadaye nikaenda maabara mwenyewe.

"Mwanangu, nataka majibu yangu. Vikopo vitatu."

Mtu wa maabara akatafuta kwenye kompyuta. "Hujawahi kupima hapa, bibi."

"Vya mzazi. Vya kulinganisha na mgonjwa."

"Hatulinganishi na mzazi, bibi. Hapa kila mtu na choo chake."

Nikakaa kwenye benchi. Hesabu hiyo hata darasa la kwanza wangeiweza. Vikopo vitatu vyangu, majibu matatu yake. Thelathini na mbili ni yangu. Ishirini na nane, yangu. Mia nne na kumi... Kumbe nilikuwa naulilia utumbo wangu mwenyewe, na aliyenifuta machozi alijua.

Nilimkuta anakata kitunguu.

"Kile cha nne, cha kurudia, kilikuwa cha nani?"

Kisu kikasimama. "Mama..."

"Cha nani?"

"Cha baba watoto."

"Naye ulimwambia wanalinganisha na mume?"

Akainama. Siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini.

"Niliogopa kamera, mama. Na wewe hukuwa unaumwa popote. Nilidhani ni vile vidonge vyako vya magoti."

"Ulidhani. Miezi miwili unanipakulia chakula huku unadhani."

"Ningekwambia, ungemwambia daktari."

"Ndiyo. Wewe ungeingizwa kamera, mimi ningetibiwa. Ukapima, ukaona bora niungue mimi."

Alilia, na sikumfuta.

Kesho yake tulipeleka vikopo viwili, nimeandika majina mwenyewe kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Changu kilitoka mia tano na themanini. Kamera ikakuta vidonda vidogo, na daktari akasema kweli ni vile vidonge, vimenichimba taratibu. Chake kilitoka mia tisa. Utumbo wake umeanza kuziba sehemu moja, mahali ambapo mwaka jana pangetibika kwa sindano tu.

Siku hizi tunakwenda kupima pamoja. Yeye huingia chooni na kikopo chake, mimi nasimama mlangoni na mkoba wangu, natega sikio.

"Mama," aliniita juzi kutoka ndani, "bado huniamini?"

"Nakupenda, mwanangu," nikamjibu. "Haya, maliza, maabara wanafunga saa sita."