Siku Moshi Ulipowaka

Kwa wiki tatu fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa akipigana na jiko la mama mkwe wake, na jiko ndilo lililokuwa likishinda.

Halikuwa jiko la mchezo. Lilikuwa kasha la chuma nene, refu kama meza ya watu sita, lenye dohani iliyotoboa paa. Kwa miaka ishirini na tisa mama alikuwa amewapikia mafundi wa karakana za jirani kwenye jiko hilo, na miaka yote hiyo lilikuwa limemvutisha moshi kuliko mvuta sigara yeyote. Sasa kifua kilikuwa kimegoma. Hakuweza kumaliza sentensi bila kushika ukingo wa meza na kukohoa mpaka machozi yamtoke. Daktari hakumung'unya maneno: mwezi mmoja, ama moshi uondoke jikoni, ama mama aondoke.

"Kunitoa jikoni ni kunizika nikiwa hai," mama alimwambia binti yake. Binti akayabeba maneno hayo yalivyo, akayatua mbele ya mumewe. "Si wewe fundi? Haya, fanya ufundi."

Cheche akafanya. Ugonjwa wa jiko aliujua: hewa iliingia ovyo mlangoni, ikazifakamia kuni, na nusu ya moto ikapotelea juu ingali moshi. Akafunga kibati cha kuteleza chini ya mlango, ili mpishi aongeze au apunguze hewa kwa kidole kimoja. Kisha akaunda kile kilichomnyima usingizi kwa raha. Lilikuwa bomba jembamba, mdomo wake nje kwa nyuma, karibu na sakafu. Linapanda ndani ya jiko huku likipashwa moto, na juu kabisa lina matundu kumi na mawili. Moshi nao ni chakula cha moto, aliamini Cheche, ila huondoka kabla haujaliwa. Ukikutana na hewa ya moto, utawaka. Jambo hilo alikuwa ameliona mara moja tu, ujanani, kwenye tanuri la bwana aliyemfunza kazi, na hakuwahi kulisahau. Mlangoni akatia kioo cha oveni mbovu, ili mama naye ajionee.

Mama alichojionea ni weusi mtupu. Kila Cheche alipopita saa nne kunywa chai, kioo kilikuwa kimejaa masizi, kuni zinafuka, na moshi ni mara mbili ya zamani. Jioni, jiko likishapoa, alirudi na keekee akapanua matundu. Siku nyingine akarefusha bomba. Alijaza ukuta wa karakana mahesabu ya chaki, mpaka wenzake wakaanza kumwamkia "mwalimu".

"Mama anasemaje?" alimuuliza mkewe.

"Anasema mkono wako hauna mfano. Mungu akuzidishie."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko matusi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini hawakusema afanyeje mtu anayefichana na mkwewe.

Zikabaki siku mbili. Binti alishaanza kukunja nguo za mama na kuzipanga sandukuni. Asubuhi ile Cheche hakungoja saa nne. Alifika jiko halijawashwa, akamkuta mama amechuchumaa nyuma ya jiko, mkononi kopo la udongo uliokandwa kwa majivu. Kidole chake kilikuwa kinasindilia udongo kwenye mdomo wa bomba, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto pua.

Cheche alisimama kama aliyepigwa shoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama akalificha kopo nyuma ya aproni, akiwa amechelewa sana.

"Mama, hapo... unafanya nini?"

Mama akainamisha uso. "Usinielewe vibaya, mwanangu. Jiko zuri halina ufa. Kila asubuhi nalizunguka, naziba, ndipo nawasha. Sasa wewe huku nyuma..." Kikohozi kikamkata. "Huku nyuma ulisahau tundu. Nakuzibia. Jioni kabla hujaja nabandua, usije ukajua kwamba nimeona. Nisingependa kukuaibisha."

Wiki tatu! Cheche hakujua acheke au alie. Mwanamke huyu alikuwa akimeza moshi maradufu ili kumsitiri mkwe wake.

"Mama," alisema polepole, "tundu hilo nililiacha kusudi. Naomba leo tuliache lipumue."

"Jiko na tundu?"

"Na tundu, mama."

Mama akamtazama kama mtu aliyeambiwa achote maji kwa pakacha. "Haya. Fundi ni wewe."

Wakawasha. Kuni ziliposhika sawasawa na chuma kikapata moto, Cheche akasukuma kibati mpaka nusu. Moto ukanywea. Moshi ukajaa ndani, mzito, ukijizungusha nyuma ya kioo, na mama akajiandaa kukohoa.

Ndipo tundu la kwanza likatoa ulimi wa moto. Likafuata la pili, kisha yote kumi na mawili kwa pamoja, na miali ikatanda juu ya kuni bila kuzigusa. Ilining'inia hewani, ya dhahabu yenye pindo la buluu, ikijikunjua polepole bila sauti yoyote. Chini, kuni zilikuwa zimetulia. Kilichokuwa kinawaka ni moshi wenyewe. Masizi yakaanza kujitoa kwenye kioo, pembe moja, kisha nyingine, kama dirisha linalopambazukiwa.

Mama alipiga magoti sakafuni. "Miaka yote hii," alinong'ona, "huu ndio niliokuwa naumeza?"

Cheche mwenyewe alikuwa amesisimka mpaka shingoni; akakisogelea kioo polepole, akiogopa miali isije ikazimika.

Nje kukasikika vishindo. "Hodi! Hodi!" Mafundi wanne wakaingia mbiombio, fundi viatu mbele, kofia kifuani. Pafukapo moshi pana moto. Wao walitazama dohani, hawakuona hata uzi mmoja wa moshi, wakahesabu siku za daktari, wakamaliza wenyewe.

"Tulidhani..." fundi viatu alianza.

Mama akainuka. "Mlidhani nimekufa? Sasa mmekuja kunizika au kunywa chai? Kaeni chini, maji yanakaribia kuchemka, na atakayethubutu kuligusa tundu lililo nyuma ya jiko langu, nitapambana naye mimi mwenyewe, wala sitamwachia mkwe wangu!"

Binti yake alikuwa mlangoni, sanduku mkononi. Aliisikiliza sentensi hiyo ndefu yote, akingoja kikohozi, na kikohozi hakikuja. Akalitua sanduku, akaingia kupanga vikombe.